Mtafsiri wa Majogoo

Ndalahwa hajui Kiingereza, na hilo halijawahi kumzuia kuwa mtafsiri. Ukifika Bariadi, mtaa wa Malambo, ukauliza banda la katuni, utaonyeshwa nyumba ya mabati yenye mabenchi ya mbao, televisheni moja kubwa ukutani na spika mbili zilizofungwa kwa mpira wa tairi zisidondoke. Pembeni mwa televisheni kuna kiti cha plastiki. Hapo ndipo hukaa, kila Jumamosi na Jumapili mchana, mtu mfupi mwenye maiki mkononi. Wenzake katika kazi hiyo hutafsiri sinema za mapigano na mapenzi, na inabidi wasikilize, au wajifanye wanasikiliza, kinachosemwa na wazungu. Ndalahwa alichagua katuni za zamani za wanyama kwa sababu iliyo wazi kabisa: wanyama wenyewe hawasemi kitu. Wanakimbizana, wanagongana, wanaangukiwa na makabati. Maneno anayatia yeye.

Na alikuwa anayatia kwelikweli. Jogoo akiangukiwa na piano, kitu ambacho nusu ya watazamaji hawajawahi kukiona kwa macho, Ndalahwa alitangaza kuwa mzani wa pamba umekatika kamba. Jogoo akipondwa na gari la kusawazisha barabara mpaka akawa bapa kama chapati, alijibandua ardhini, akajikung'uta, akasema kwa sauti ya mzee anayejibu salamu, "Mhola duhu." Yaani amani tu, hakuna tatizo. Banda zima lilivunjika mbavu. Watu wazima na akili zao, waendesha bodaboda, wapakia magunia, hata karani mmoja wa mkoani aliyekuwa akiingia kwa kujibana mlangoni asionekane, wote walitoka wakifuta machozi.

Kipaji hicho alikitoa machungani. Alizaliwa Zagayu, kwenye nyumba ya pamba na ng'ombe, na tangu mdogo alipelekwa kuchunga peke yake. Mtoto peke yake porini na ng'ombe atafanya nini? Alianza kuwasemea. Dume la mbele lilisema kwa kiburi, ndama wakalalamika, na yule ng'ombe mkongwe mwenye pembe moja akawasengenya wote. Mama yake, Ng'washi, alimsikia siku moja akashika kiuno. "Huyu ataongea na ng'ombe mpaka lini? Na watu ataongea nao lini?" Mama alikuwa anatania, lakini swali lilikuwa zuri kuliko alivyodhani. Kwa sababu Ndalahwa, mtu aliyeweza kuwasemea ng'ombe, majogoo na mizani ya pamba, hakuwahi kuwa na sauti ya kujisemea mwenyewe. Ukimtoa kwenye kiti chake cha plastiki unapata mtu wa kuguna na kuitikia.

Katuni iliyompa jina ilikuwa ya majogoo wawili. Mmoja mwembamba, shingo ndefu, miguu kama njiti za kiberiti. Mwingine mnene, kifua mbele, kichwa kidogo. Kati yao tetea mweupe mwenye utepe kichwani, ambaye kazi yake ilikuwa kupepesa kope na kusubiri. Mwembamba akileta ua, Mnene analila. Mnene akipiga gitaa chini ya dirisha, Mwembamba anamwagia ndoo ya gundi. Wanapigana mpaka manyoya yanakwisha, halafu anayebaki amesimama anaondoka na tetea. Filamu kama hizo zilikuwa nyingi kwenye flashi yake, na zote ni hadithi ileile.

Ndalahwa aliipa hadithi hiyo neno moja lililoifanya iwe ya kwao. Majogoo walipomzunguka tetea, alishusha sauti, akaimba, "Chagulaga, mayu!" Kwa Msukuma yeyote hapo hapakuwa na haja ya tafsiri. Ni mchezo wa zamani: msichana akitoka mnadani au ngomani, vijana wanamzunguka njiani, wanamwimbia achague, chagua mama, chagua mmoja kati yetu, na haachiwi njia mpaka achague. Wazee wanausimulia huku wakicheka, na wapo waliooana hivyo wakazeeka pamoja. Wasichana walionaje, ni wachache waliowahi kuulizwa. Basi banda zima lilikuwa likiitikia, "Chagulaga! Chagulaga!" na kupiga makofi, mpaka mabati yakatetemeka.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wa banda, aliuza Lukresia. Alikuwa mwanamke wa Nassa, wa kando ya ziwa, aliyekuja mjini akiwa na ndoo mbili na mkono mwepesi. Aliuza maziwa mgando na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, na watu walisema mgando wake unaweza kusimamisha kijiko. Hakuwa mtu wa maneno mengi, ila alilolisema lilikuwa limekatwa sawasawa. Ndalahwa alikunywa kwake kila asubuhi. Mwanzoni alikwenda kwa sababu ya maziwa. Baadaye hata tumbo lilipomuuma alikwenda.

Siku moja ya masika mvua ilipiga tangu mchana. Watazamaji hawakuja, umeme ukakatika, na Lukresia akavuka barabara na ndoo zake kujikinga bandani. Wakakaa kwenye mabenchi, kila mmoja upande wake, mabati yakipiga kelele juu. Hapo, bila kuulizwa, akamwambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu pale mjini. Alipokuwa msichana wa shule, huko Nassa, alitoka mnadani peke yake na vijana wakamzunguka wakiimba wimbo ule. Hakutaka kuchagua. Waliendelea kuimba huku mduara ukikaza, wakicheka, hawana hata chuki, mpaka mmoja akamkamata mkono na mwingine akashika gauni. Aliponyoka kupitia shamba la mtama, gauni limechanika mgongoni. Kufika nyumbani baba yake akamuuliza swali moja tu: alikuwa anatembea vipi mpaka wakamfuata?

"Kila Jumapili nasikia kutoka pale kwangu," akasema. "Najua ni kuku tu. Lakini nikisikia lile neno, mikono inakuwa baridi."

Ndalahwa aliguna. Lakini Jumamosi iliyofuata, majogoo walipomzunguka tetea na banda likavuta pumzi kusubiri, yeye akaliruka neno lile. Akasema habari ya mvua. Watu wakanung'unika, wakadai neno lao, mwingine akapiga mluzi. Hakulitoa. Hakulitoa wiki hiyo wala zile zilizofuata, na mwenye banda alimfokea kwamba anawafukuzia wateja. Huo ndio ulikuwa upendo wake, na kwa kweli haukuwa mdogo.

Lukresia alisikia ukimya ule kutoka ng'ambo ya barabara. Baada ya muda alianza kuvuka, akaleta kigoda chake, akakaa karibu na mlango ili aone ndoo zake. Akawa hata anamkosoa. "Tetea gani anaongea hivyo? Kila siku 'nioe, nioe'. Hana kazi huyo?" Kwa hiyo Ndalahwa akampa tetea kazi, akawa anauza mgando, na Lukresia alicheka mpaka akashika ubavu. Kicheko kile kilimwingia Ndalahwa mwilini kama chai ya tangawizi. Tangu siku hiyo Mwembamba hakuwa jogoo tena. Kila alichotaka kumwambia Lukresia alikitia mdomoni mwa Mwembamba: kwamba ana shamba Zagayu, kwamba mama yake angempenda, kwamba anaweza kujifunza kula dagaa. Lukresia alicheka na banda zima lilicheka. Ndalahwa akarudi chumbani kwake akiamini kwamba amekwisha kuposa.

Ndipo akaja Protas. Alikuwa bwana mifugo, amehamishiwa wilayani kutoka Kagera, mtu mkubwa wa mwili, mpole, mwenye pikipiki ya serikali na Kiswahili cha taratibu kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Kisukuma hakukijua hata kidogo. Alionja mgando wa Lukresia mara moja na hakuhama tena. Lukresia akaanza kumfundisha salamu. Protas akisema "Ng'wadila" ulimi unagoma, Lukresia anacheka. Ndalahwa, amesimama mlangoni pa banda na ufagio mkononi, alikisikia kicheko kile. Ni kilekile. Alidhani ni chake peke yake.

Wivu ulimkaba. Tena haukuwa wivu wa mtu mzima, ulikuwa wa katuni. Asubuhi moja Protas alipokuwa ndani ya duka la dawa za mifugo, Ndalahwa alipita kwenye pikipiki, akainama kama anayefunga kamba za viatu, naye amevaa ndala, akachomeka mwiba wa mgunga kwenye tairi la nyuma. Kisha akajificha nyuma ya rundo la magunia aone mtu anavyoaibika. Protas akatoka, akaona, akasikitika kidogo, akaisukuma pikipiki mpaka wapi? Mpaka kwa Lukresia. Lukresia akampa kigoda, akampa maji ya kunawa, akamwita fundi, na wakakaa wakiongea muda wote fundi alipokuwa akiziba. Ndalahwa aliyatazama yote kati ya gunia na gunia. Alipoinuka, kwa hasira, rundo lilimwangukia. Angekuwa Mwembamba, banda lingecheka.

Aliposhindwa barabarani akarudi kwenye silaha yake. Jumapili hiyo Mnene akapewa jina jipya: Bwana Mifugo. Akapewa na sauti, ile ya taratibu, ya jiwe hadi jiwe. Bwana Mifugo alimwangukia mkwe, alichanjwa na sindano yake mwenyewe, alimwamkia mbuzi kwa "Ng'wadila". Malambo nzima ilijua ni nani, na watu walijaa mpaka nje. Lukresia alicheka mwanzoni. Baadaye akaacha, akachukua kigoda chake akaenda kukaa kwenye ndoo zake.

Asubuhi yake alimuuliza akimkorogea maziwa. "Ndalahwa, yule mtu amekukosea nini?"

"Ni katuni tu."

"Kama una neno, liseme kwa mdomo wako. Mimi nipo hapa."

Kina mama wawili walikuwa wanasubiri maziwa, bodaboda zilikuwa zinapita, jua lilikuwa limetoka. Hakuna aliyekuwa amemfunga mdomo. Neno lilikuwa palepale kwenye ulimi na Lukresia mwenyewe alikuwa amesimama mbele yake na upawa mkononi, anasubiri. Ndalahwa akaguna, akanywa, akavuka barabara. Alijiambia atasema siku nzuri zaidi. Laiti angejua kwamba siku nzuri ndiyo ile.

Jumapili iliyofuata Lukresia alikuja bandani amevaa kitenge kipya, na nyuma yake aliingia Protas, akainama ili asigonge kichwa mlangoni. Wakakaa pamoja benchi la nyuma, upande wa mlango. Banda likashangilia kwa kunong'ona, maana watu walikuwa na Mnene wa kwenye televisheni na Mnene mwenyewe. Ndalahwa aliona goti la yule bwana karibu na goti la Lukresia, na kuanzia hapo hakuona kingine.

Alianza kazi. Sauti yake ilikuwa juu mno na utani wake ulikuwa na miiba. Majogoo wakapigana, wakamwagiana gundi, wakafika mahali pale ambapo wote wawili wanasimama wamechoka, tetea katikati, wakimtazama. Mtu mwenye akili angesema habari ya mvua. Ndalahwa alitazama benchi la nyuma, akaona Protas amemwinamia Lukresia kumwambia kitu sikioni, na neno likamtoka.

"Chagulaga, mayu!"

Banda lililipokea kama watu walionyimwa chumvi. "Chagulaga!" Makofi yakashika mdundo. Halafu mtu mmoja akageuza kichwa nyuma, wa pili akageuza, na kufumba na kufumbua hakuna aliyekuwa anatazama televisheni. Walikuwa wanamtazama Lukresia. Vijana wakapanda juu ya mabenchi, wengine wakazunguka nyuma kumwona uso. Walikuwa wanacheka, hawana hata chuki. Mmoja akanyoosha kidole kwa Ndalahwa, kisha kwa Protas, kisha kwa Ndalahwa tena, na wimbo ukapanda. Chagulaga, mayu. Chagulaga.

Lukresia alikuwa ameshika kitenge chake kwa mikono miwili. Uso wake ulikuwa hauna kitu. Protas akageuka huku na huku. "Wanasema nini?" akamuuliza. "Wanataka nini?" Hakujibiwa. Hakulijua neno lile wala wimbo wala mchezo, hakujua kwamba na yeye yumo. Alichokiona ni mwanamke anayetetemeka. Basi akasimama, akatanguliza mkono wake mkubwa mbele, akasema, "Tupisheni. Jamani, tupisheni tupite." Wakapisha. Lukresia akapita chini ya mkono ule akatoka nje kwenye jua.

"Kachagua!" banda likalipuka. "Kachagua Mnene!" Kofia zikarushwa. Kwenye televisheni Mwembamba alikuwa amepondwa na gari la barabara, amelala bapa chini, na hakuna aliyemsemea kitu.

Ndalahwa alimaliza katuni ile akiwa kimya. Walimpigia makofi hata hivyo.

Baada ya hapo alijificha. Alipitia uchochoro wa nyuma, chai akanywa kwingine, na mgando wa kwingine ulimtoka puani. Aliumwa mapenzi kama mtu anavyoumwa malaria, kwa vipindi. Alilia, ndiyo, mwanaume mzima, uso kwenye mto. Kisha habari zikaanza kupita Malambo: bwana mifugo amepeleka wazee Nassa, wamepokelewa, ng'ombe wametajwa. Nyanjige, mpiga pasi wa jirani, alimwambia akidhani anamsaidia. Siku hiyo Ndalahwa hakula.

Asubuhi moja akapiga moyo konde, akavuka barabara. Hapakuwa na mteja mwingine. Lukresia alikuwa anaosha vikombe.

"Ng'wangaluka," akasema Ndalahwa.

"Ng'wangaluka. Umepotea."

"Nimekuja kukupongeza." Hakuja kwa ajili hiyo na wote wawili walijua. Akakaa kwenye kigoda, akainuka tena. Kisha kwa mara ya kwanza maishani mwake akasema kwa mdomo wake mwenyewe, bila maiki, na sauti ikamtoka ndogo. "Lukresia, mimi nilikuwa nakupenda."

"Najua," akasema Lukresia. "Nilikuwa nimeshamwambia Protas. Aliniuliza kama nina mtu, nikamwambia yupo. Akasema nimwonyeshe, asije akawa anamwibia mtu. Ndiyo maana nilimleta siku ile. Nilikuja kumwonyesha wewe."

Bodaboda ilipita ikatimua vumbi, Lukresia akafunika ndoo, akafunua. Hatimaye Ndalahwa akauliza lile lililokuwa likimla. "Basi kwa nini ulimchagua yeye?"

"Mimi?" Lukresia akaweka kikombe chini. "Siku ile sikumchagua mtu. Nilitaka kutoka. Yeye ndiye aliyesimama."

"Watu walikuwa wengi. Nisingeweza kuwanyamazisha."

"Maiki ilikuwa mkononi mwako, Ndalahwa."

Neno moja lake lingetosha, walikuwa wamezoea kumsikiliza yeye tu.

"Nilikuona," Lukresia akaendelea, na sauti yake haikuwa na ukali, ingekuwa nao Ndalahwa angepata pa kushika. "Nilikutazama wewe kwanza, kabla ya mtu mwingine. Nikaona umenyamaza, umeshika maiki yako, na wewe unasubiri niseme nani."

Ilikuwa kweli. Alikuwa anasubiri. Katikati ya zile kelele, na kumjua kote alikomjua, kitu kimoja tu kilikuwa kichwani mwake: atamtaja nani?

"Nisamehe," akasema.

"Nimeshasamehe. Kusamehe nimesamehe siku nyingi." Akachukua kikombe kilekile alichokuwa akimwekea kila asubuhi, akachota mgando kutoka chini kulikokuwa kuzito, akajaza mpaka juu, akampa kwa mikono miwili kama anavyopewa mgeni wa heshima. "Karibu, kaka."

Katika muda wote ule alikuwa amemwita Ndalahwa tu, au hakumwita jina lolote, na lile la kaka aliwaachia wateja wengine. Ndalahwa alikunywa palepale, akiwa amesimama, polepole, kwa sababu alijua kikombe kikiisha hana sababu nyingine ya kubaki. Kilipoisha akamrudishia.

"Asante, dada," akasema.